Lane, daktari aliyefunga mifupa kwa skrubu kama fundi wa mbao

Jamaa yangu wa boda alianguka mwaka jana, usiku wa mvua, akikwepa shimo. Alisimama mwenyewe, akapangusa suruali, akaokota helmeti. Halafu akajaribu kuinua pikipiki na mkono wa kushoto ukakataa. Bega lilikuwa limeshuka, na pale kati ya shingo na bega kulikuwa na kitu kinasukuma ngozi kutoka ndani, kama kidole kinachotafuta njia. Huo mfupa unaitwa mtulinga. Kila mtu anayo miwili, na wengi wetu hatujui jina lake mpaka siku unapovunjika.

Siku mbili baadaye tulikuwa na kikundi cha WhatsApp cha mchango, na unajua vikundi vya mchango: kila mtu ni daktari. Shangazi yake alisema mfupa ufungwe kwa kitambaa, utajishika wenyewe, kwani wazee wetu walipona vipi? Msee mwingine akasema hapana, awekwe chuma, arudi kazini. Mwingine akauliza kwani chuma ndani ya mtu hakishiki kutu? Swali hilo la mwisho lilinikaa kichwani. Nani aliamka siku moja akaona ni sawa kuchukua kipande cha chuma, skrubu na bisibisi, amfungue binadamu, afunge mfupa wake kama mguu wa meza?

Kutafuta jibu kulinipeleka kwa William Arbuthnot Lane. Alikufa mwaka 1943, na mpaka leo sijaamua kama nampenda.

Lakini kwanza mfupa wenyewe, kwa sababu bila huo hutaelewa ubishi wa kikundi. Mtulinga ndio mfupa pekee unaounganisha mkono wako na kiwiliwili. Kila kitu kingine pale begani ni misuli na kano. Ni mfupa mwembamba, umepinda kama herufi S iliyolazwa, na umelala juu tu ya mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu inayoenda mkononi. Ni wa kwanza kuanza kuwa mgumu mtoto akiwa tumboni na ni kati ya ya mwisho kukomaa, kwenye miaka ya kati ya ishirini. Yaani kama una miaka 21, wako bado unamalizia kujengwa. Ukianguka na bega, nguvu yote hupitia hapo, na mara nyingi mfupa hukatika katikati. Kipande cha ndani kinavutwa juu na msuli wa shingo. Kipande cha nje kinaburutwa chini na uzito wa mkono. Ndiyo maana bega la jamaa yangu lilishuka na kitu kikasukuma ngozi.

(Kuna kosa moja tunalifanya mtaani. Kila kitu tunaita bega limetoka. Bega kuteguka ni jambo lingine: hapo kichwa cha mfupa wa mkono kimechomoka kwenye kikombe chake, na lazima kirudishwe mapema na anayejua. Theodor Kocher wa Uswisi alieleza njia yake ya kukirudisha mwaka 1870, na hospitali zilimfuata kwa miaka mingi. Sasa fikiria mzee anayejitolea kuvuta mkono akidhani bega limeteguka, kumbe ni mtulinga umekatika na ncha yake iko juu ya mshipa wa damu. Usikubali kuvutwa kabla ya eksirei.)

Kwa maelfu ya miaka shangazi alikuwa sahihi, au tuseme hakukuwa na mtu wa kumpinga. Kuna hati ya Misri ya kale yenye takriban miaka 3,600 inayomwelekeza mganga wa mtulinga: mlaze mgonjwa chali, mwekee kitu kilichokunjwa katikati ya makombe ya mabega, mabega yatanuke mfupa unyooke, kisha umfunge. Hippocrates wa Ugiriki naye aliandika kwamba mfupa huu hushikana haraka, na kwamba mgonjwa huogopa sana mwanzoni kisha maumivu yakipungua anaanza kupuuza. Jamaa yangu kabisa huyo. Kitambaa, kupumzika, subira. Mfalme William wa Tatu wa Uingereza alivunjika mtulinga mwaka 1702 farasi wake alipojikwaa, na hata yeye, na utajiri wote ule, alifungwa kitambaa tu. Alikufa wiki mbili hivi baadaye, ingawa kilichomuua ni ugonjwa wa mapafu.

Sasa Lane. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1856 huko Fort George, ngome ya jeshi kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa daktari wa jeshi, kwa hiyo familia ilikuwa ya kuhamahama. Mwaka 1872, akiwa na miaka 16, aliingia Guy's Hospital jijini London kusomea udaktari. Miaka 16! Mimi umri huo nilikuwa nasumbuana na mwalimu kuhusu nywele.

Mahali ilipo Guy's ndipo hadithi inapoanzia. Hospitali hiyo iko kusini mwa mto Thames, karibu na London Bridge, na enzi hizo ukanda wote ule ulikuwa bandari. Meli zilileta makaa ya mawe, mbao, nafaka, na kila kitu kilishushwa kwa mgongo wa mtu. Ukitaka picha, fikiria hamali wa bandari ya zamani ya Mombasa au wale jamaa wa kubeba magunia Marikiti, halafu zidisha kwa maelfu. Hao ndio waliokuwa wagonjwa wa Guy's. Na walipokufa bila ndugu wa kuwachukua, wengine waliishia kwenye meza za wanafunzi wa udaktari.

Lane, akiwa kijana anayefundisha anatomia pale, alianza kuona kitu ambacho wengine walikuwa wakikipita. Maiti hazikuwa na mifupa inayofanana. Aliyebeba magunia ya makaa maisha yake yote alikuwa na mbavu za juu na viungo vya kifua na bega vilivyobadilika umbo. Mchukuzi wa mbao, aliyezoea kuweka mzigo bega moja, alikuwa na uti wa mgongo uliojipanga kufuata huo mzigo. Mwaka 1888 alichapisha makala ndefu kuhusu mwili wa fundi viatu, jinsi miaka ya kukaa ameinama na kiatu mapajani ilivyoandikwa mfupa kwa mfupa. Ungempa Lane mifupa, angekwambia mwenyewe alikuwa akilipwa kwa kazi gani.

Hebu nikae hapa kidogo maana hii ndiyo sehemu iliyonishika. Watu hao hakuna aliyeandika habari zao walipokuwa hai. Hawana picha, hawana kaburi lenye jina. Lakini kuna daktari kijana aliyesoma miili yao kama kitabu, na alichosoma ni kwamba mfupa ni kitu hai kinachofuata kazi. Unajijenga pale mzigo unapopita, unapungua pale mzigo usipofika.

Ukishakubali hilo, swali la pili linakuja lenyewe. Kama mfupa umejengwa kufuata mstari wa mzigo, itakuwaje ukivunjika kisha ushikane ukiwa umepinda? Mzigo utapita njia isiyo yake. Kiungo cha juu kitaumia, cha chini kitaumia, na baada ya miaka michache jamaa atakuwa na maumivu mahali ambapo hakuwahi kuvunjika. Madaktari wa wakati ule walitazama mguu uliofungwa banzi wiki kadhaa, wakaona umeshikana, wakasema amepona. Lane aliangalia kama mtu huyo amerudi bandarini na analipwa kiasi gani. Wengi walikuwa hawalipwi kama zamani, na wengine hawakurudi kabisa. Kwa mchukuzi wa London ya karne ya 19, mguu uliopinda ulikuwa njaa ya nyumba nzima.

Hapa nilimwelewa kabisa, maana kwenye kikundi chetu hakuna aliyeuliza kama mfupa utashikana. Jamaa mwenyewe aliuliza swali moja tu: nitashika usukani lini?

Mambo mawili yalikuwa yamemtayarishia Lane njia. La kwanza ni Joseph Lister, aliyeanza mwaka 1865 kule Glasgow kutumia asidi ya kaboliki kuua viini kwenye vidonda. Kabla ya hapo, kufungua ngozi juu ya mfupa uliovunjika ilikuwa karibu sawa na kumhukumu mtu. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima hupona. Ukiutoboa hewani, usaha, homa, kisha kukatwa kiungo au kifo. Mwaka 1877 Lister mwenyewe alifungua goti la mgonjwa aliyevunjika kile kifuniko cha mbele akakifunga kwa waya wa fedha, na wenzake wakaona amepita mpaka. La pili ni dawa ya usingizi, iliyokuwepo tangu miaka ya 1840, ambayo ilimpa mpasuaji muda wa kufanya kazi polepole.

Lane alianza mapema miaka ya 1890 na mifupa ya mguu wa chini. Alifungua, akavipanga vipande mpaka vikakaa kama havijawahi kuachana, akavifunga kwa waya au skrubu. Baadaye zikaja pleti: vipande virefu vya chuma vyenye matundu, vinavyolala juu ya mfupa pande zote mbili za ufa na kushikwa na skrubu zinazofanana na za seremala. Mwaka 1905 alitoa kitabu chake kuhusu kutibu mifupa iliyovunjika kwa upasuaji. Hakuwa wa kwanza duniani. Carl Hansmann wa Hamburg alikuwa ameandika kuhusu pleti zake mwaka 1886. Zake ziliachwa zikichomoza nje ya ngozi ili zitolewe kirahisi. Na miaka hiyohiyo Albin Lambotte kule Antwerp, Ubelgiji, alikuwa akifanya kazi ileile kwa vifaa alivyobuni mwenyewe, na wakati wa mapumziko akitengeneza fidla. Huyo naye anahitaji makala yake siku moja. Lakini Lane ndiye aliyeifanya kazi hii mbele ya macho ya London, jiji lililokuwa katikati ya ulimwengu wa Kiingereza, na akaipigia kelele mpaka haikuwezekana kumpuuza.

Kumbuka Lane hakuwa na antibiotiki. Penisilini ya kutumika kwa watu wengi ilikuja miaka ya 1940, yeye akiwa anakufa. Sasa aliwezaje kuacha chuma ndani ya mtu bila usaha?

Kwa ukali wa ajabu. Alianzisha utaratibu uliokuja kujulikana kama upasuaji usiogusa. Hakuna kidole kinachoingia kwenye kidonda, hata chenye glavu. Vifaa vyake vilikuwa na mikono mirefu ili sehemu aliyoishika isikaribie jeraha. Ncha iliyokwisha kugusa ndani ya mgonjwa haikuguswa na mkono wa mtu. Skrubu ilishikwa kwa koleo. Uzi wa kushonea ulifungwa fundo kwa koleo. Kingo za ngozi zilifunikwa vitambaa vilivyochemshwa na kubanwa, ili hata ngozi ya mgonjwa mwenyewe isiguse kilichoko ndani. Jaribu nyumbani kufunga kamba za viatu kwa vijiti viwili vya kulia tambi, halafu fikiria unafanya hivyo ndani ya paja la mtu anayepumua dawa ya usingizi, damu ikitiririka, saa inakimbia. Waliomtazama akifanya kazi walikuja kutoka nchi nyingi, na wengi walirudi kwao wakisema mikono ya huyu mtu ni kitu kingine.

Na hapo ndipo tatizo lilipoingia. Walirudi kwao na pleti, wakaacha utaratibu. Kununua chuma ni rahisi, kufuata sheria ya kutogusa ni noma. Wagonjwa wa waigaji walioza, wengine wakapoteza viungo, wengine wakafa, na lawama ikarudi kwa Lane. Madaktari wakubwa wa Uingereza wakasema hii ni hatari isiyo na sababu, banzi linatosha. Lane alijibu kwamba wanaoshindwa wasiguse.

Kilichomsaidia ni mashine. Mwishoni mwa 1895 Wilhelm Röntgen kule Ujerumani aligundua eksirei, na ndani ya muda mfupi hospitali zikaweza kuona ndani ya plasta. Fikiria aibu. Daktari amekuwa miaka 20 akisema nimeuweka mfupa sawa, na sasa picha inaonyesha vipande viwili vimepishana kama mikasi. Hata wagonjwa wakaanza kuuliza maswali. Ubishi ulipozidi, Chama cha Madaktari cha Uingereza kikaunda kamati ya kuchunguza matokeo, na ripoti yake ya mwaka 1912 ilikubali kwamba upasuaji unaweza kutoa matokeo mazuri kwa watu wazima, ila mikononi mwa wenye ujuzi na mazingira yanayofaa. Mwaka uliofuata mfalme akampa Lane cheo cha baroneti. Mtoto wa daktari wa jeshi sasa alikuwa Sir William.

Na swali la msee wetu kuhusu kutu? Alikuwa sawa. Pleti za Lane zilikuwa za chuma cha pua cha kawaida, na mwili wa binadamu ni maji ya chumvi yenye joto. Ni kama kuacha msumari baharini kule Nyali. Zilishika kutu, skrubu zikalegea, nyingine zikakatika pale kwenye tundu palipokuwa pembamba. Mwaka 1912 Mmarekani William Sherman alitoa pleti zenye umbo bora na chuma kilichochanganywa na vanadiamu, na miaka iliyofuata chuma kisichoshika kutu kikachukua nafasi, kisha titani. Kilicho kwenye bega la jamaa yangu leo ni mjukuu wa mbali wa zile za Lane. Wazo limebaki, chuma kimebadilika.

Kama maisha yake yangeishia hapa ningemwita shujaa tukaenda nyumbani.

Lakini Lane alikuwa na wazo lingine. Katika kutazama miili ile ile, aliona pia matumbo, akaamini kwamba utumbo mpana nao unapinda na kukunjana kwa sababu binadamu anasimama wima, na kwamba kinyesi kinachokaa humo muda mrefu kinatoa sumu inayoingia kwenye damu. Sumu hiyo, kwa maoni yake, ilileta uchovu, maumivu ya viungo, huzuni, ngozi mbaya, karibu kila kitu. Wazo la sumu ya tumbo lilikuwa maarufu wakati huo, hakulizua peke yake. Ila wengine walishauri maziwa ya mgando. Lane alichukua kisu. Kwa watu waliofunga choo kwa muda mrefu, wengi wao wanawake, alianza kukata utumbo mpana na kuutoa.

Soma hiyo tena. Mtu anaenda kwa daktari hajaenda choo vizuri, anarudi bila utumbo mpana. Au harudi, maana baadhi walikufa. Mikono ilikuwa ileile, usafi uleule na ujasiri uleule. Kwenye mfupa alikuwa na kipimo: eksirei inaonyesha, na mchukuzi amerudi kazini au hajarudi. Kwenye utumbo hakuwa na kipimo chochote zaidi ya imani yake na shukrani za wagonjwa waliosema wanajisikia vizuri. Mwaka 1913 madaktari wa London walikaa vikao kadhaa kujadili nadharia hiyo ya sumu, na wengi hawakushawishika. Miaka iliyofuata ilifa polepole. Bernard Shaw alikuwa tayari ameandika tamthilia yake ya The Doctor's Dilemma mwaka 1906, ikiwa na mpasuaji anayeona ugonjwa wa kila mtu unatoka kwenye kifuko kimoja tumboni ambacho lazima kikatwe. Wengi wamesema tangu hapo kwamba Shaw alikuwa akimcheka Lane.

Nilipofika hapa nilifunga simu nikaenda kutembea. Nilikuwa nimeshampenda. Na kinachosumbua ni kwamba ukimwondolea ule ukaidi uliomfanya akate matumbo, unamwondolea pia ukaidi uliomfanya asimame mbele ya madaktari wakubwa akisema mchukuzi wa makaa anastahili mguu ulionyooka.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akiwa na miaka 58. Kazi yake kubwa humo haikuwa kwa mkono wake. Kijana mmoja kutoka New Zealand, Harold Gillies, alitaka mahali pa kutibu askari waliopasuliwa nyuso na risasi na mabomu, na Lane ni mmoja wa wakubwa waliomfungulia milango jeshini. Mwaka 1917 hospitali maalumu ilifunguliwa Sidcup, nje ya London, na upasuaji wa kurekebisha nyuso kama tunavyoujua ulikulia pale.

Baada ya vita alistaafu Guy's, akabadilika tena. Mtu aliyekata matumbo akaanza kusema dawa ya tumbo ni mkate wa ngano isiyokobolewa, matunda, mboga, jua na mazoezi. Mwaka 1925 alianzisha New Health Society kuhubiri chakula hicho kwa watu wa kawaida, kupitia magazeti na mikutano. Leo angekuwa na chaneli na wafuasi milioni. Sheria za udaktari wa Uingereza hazikuruhusu daktari kujitangaza kwa umma namna hiyo, kwa hiyo mwaka 1933, akiwa na zaidi ya miaka 75, aliomba jina lake litolewe kwenye sajili ya madaktari ili aseme anachotaka. Baroneti, mpasuaji aliyefuatwa na dunia, akajifuta mwenyewe. Alikufa London tarehe 16 Januari 1943, akiwa na miaka 86, jiji likiwa kwenye vita vingine.

Turudi kwenye mtulinga na kikundi cha WhatsApp. Ushindi wa pleti kwenye mguu na paja haukumaanisha ushindi kwenye mtulinga. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari waliendelea na kitambaa, kwa sababu ripoti kubwa za miaka ya 1960 zilisema karibu mitulinga yote hushikana yenyewe. Kisha mwaka 2007 madaktari wa Canada walitoa utafiti wa watu 132 waliovunjika katikati na vipande kuachana kabisa. Nusu walipata pleti, nusu kitambaa. Waliopata pleti walipona mapema na wachache zaidi walibaki na mfupa usioshikana. Tafiti zilizofuata zimepunguza shangwe kidogo: baada ya mwaka, yule ambaye mfupa wake umeshikana kwa kitambaa mara nyingi hana tofauti kubwa na mwenye pleti. Na pleti ina bei yake. Kidonda kinaweza kuingia viini, ngozi chini ya kovu hufa ganzi, na kwa kuwa pale hakuna nyama, chuma kinagusana na mkanda wa begi na wa kiti cha gari.

Kwa hiyo shangazi na msee wote walikuwa na hoja, na swali halisi ni mfupa umevunjika vipi. Vipande vikiwa bado vinagusana, kitambaa na subira. Vikiwa vimepishana sana na bega limefupika, ncha inasukuma ngozi mpaka inabadilika rangi au imeitoboa, au mkono umekufa ganzi au umepoa, hapo mazungumzo ya chuma yanaanza, na mengine ni ya haraka. Daktari wa jamaa yangu alimwonyesha eksirei: vipande vilikuwa vimepishana upana wa vidole viwili. Tukachanga, doh ikatosha kwa shida, akaingia thieta.

Muuguzi mmoja aliniambia baadaye kwamba kati ya koleo za kushika mfupa zinazopangwa kwenye trei kuna moja inayoitwa Lane mpaka leo. Wanaita tu jina, kama mtu anavyoomba spana namba 10.

Jamaa amerudi barabarani. Ukimwangalia bila shati unaona mstari mrefu, na chini yake kitu kilichonyooka kuliko mfupa wowote wa binadamu. Anasema mwezi wa Julai kunakuwa na baridi pale. Daktari alimwambia chuma kinaweza kutolewa mfupa ukishakomaa, akipenda. Amekataa. Pesa ya kukitoa ameshaipangia tairi ya nyuma.